Hapana Iliyofika Jumapili

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Ruta aliingia dukani kwa Akenese kununua samaki wa kopo wawili, kibiriti na nusu mkate. Alisimama mbele ya kaunta akaagiza kama alivyoagiza kwa miaka ishirini na miwili tangu aolewe kijiji kile cha Falevasa, na Akenese akaendelea kumtazama.

"Sema basi, Mama Fetuao," alisema Akenese. "Nina watu."

Hapakuwa na watu. Ruta akaagiza tena, midomo ikienda vizuri, meno yakionekana, na hakuna kilichotoka. Akenese alidhani amenuniwa kwa ajili ya mkate wa wiki iliyopita, uliokuwa na ukungu upande wa chini. Akasema mikate yote hutoka mjini Apia, yeye haoki, na mwenye malalamiko apande basi akawaambie waokaji. Ruta akaonyesha vitu kwa kidole, akalipa, akaenda zake.

Siku ya pili, saa mbili na robo, Akenese alikuwa peke yake akipanga sabuni. Sauti ya Ruta ikasema mbele ya kaunta: "Umeamkaje, Akenese. Nipe samaki wa kopo wawili, kibiriti na nusu mkate, na safari hii uugeuze nione chini."

Akenese akatoa samaki, akatoa kibiriti, akaugeuza mkate. Sauti ikaagiza tena, maana jana yake iliagiza mara mbili, naye akatoa vitu vya pili akaviweka kando ya vile vya kwanza. Alingoja kidogo. Alipoona hakuna wa kuvichukua, alivirudisha rafuni, akafunga duka kwa nusu saa, akaenda kusimulia.

Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilijua kwamba maneno ya Ruta hutoka siku moja baadaye, saa ile ile, mahali pale pale aliposimama alipoyasema. Hakuna aliyeona la kushangaza. Shemasi alikuwa na goti lililotaja siku ya mvua bila kukosea, na mkata majani wa kanisa, aliyezikwa mwaka wa nne sasa, bado alikuja kila jioni na panga lake kwa sababu hakuridhika na kazi ya aliyemrithi. Ruta naye akahesabiwa humo humo.

Nesi wa zahanati alimchungulia koo, akamuuliza yalianza lini na yanauma wapi, akaandika kwenye kadi: *Jibu kesho.* Kesho yake nesi alikuwa zamu ya mchana. Jibu lilipokelewa na mfagiaji, aliyelisikiliza lote akiwa ameegemea ufagio, kisha akalisahau.

Jumatano kamati ya akina mama ilipita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Walipofika kwa Mareta, Ruta alijisemea kwa midomo, kwa kuwa sasa alijiona huru kujisemea, kwamba mikeka ya Mareta imegeuzwa juu chini ili kuficha madoa, na kwamba nyumba hiyo ni kama chungu kilichoungua kikafunikwa sahani mpya. Alhamisi, saa ile ile, Mareta alikuwa ameketi mahali pale pale akimnywesha chai mke wa mchungaji. Sauti ikayasema yote, taratibu, kwa matamshi mazuri. Mke wa mchungaji aliinua ukingo wa mkeka kwa kidole kimoja, akaushusha, akaomba sukari.

Mareta hakusahau. Alikuwa mke wa Tauiliva, na Tauiliva alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Ruta na msemaji wa ukoo wote.

Toka siku hiyo wanawake walianza kwenda na kazi zao za kufuma kukaa pale Ruta alipopita jana yake, wasikie aliyoyasema. Wengi walirudi wamesikitika. Mengi yalikuwa "ahsante," na "pole," na "pisha nipite."

Mumewe, Setefano, aligundua Ijumaa. Alikuwa ameketi anakula magimbi kwa tui la nazi, Ruta yuko shambani, sauti ikamwambia avue viatu vya tope. Akavua. Alipoulizwa baadaye ilikuwaje siku nne zipite, alisema kwa upole kwamba hakuona tofauti kubwa, mke wake tangu zamani alikuwa mtu wa maneno machache.

Fetuao, binti yao wa pekee, aligundua Jumatatu ile ile wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa na miaka kumi na saba, yuko darasa la mwisho, mtihani ulikuwa Novemba, na alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Katika siku mbili alijifunza kusoma midomo ya mama yake kama anavyosoma ubao, na nyumbani wakaendelea kuzungumza wao wawili kama kawaida, mmoja kwa sauti, mwingine kwa midomo. Nusu ya mazungumzo yao ilisikika kesho yake, yenyewe, kuku wakizunguka.

Jumamosi, saa kumi alasiri, Tauiliva aliita ukoo nyumbani kwake.

Huyu Tauiliva angeweza kumsalimia kuku kwa nusu saa na kuku asiondoke. Aliketi akiegemea nguzo yake ya mbele, usinga wa msemaji begani, na wengine wakaketi kila mtu penye nguzo ya cheo chake. Wanawake walioolewa walikaa nyuma, na vijana walikaa nje kando ya bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha vikaoni, ambako pia ndiko alikokaa Fetuao. Tauiliva alianza na mawingu, akapita kwenye milima, akasalimia marehemu mmoja mmoja, akakohoa mara mbili, akaomba maji. Kisha akasimulia habari ya babu wa babu yao, aliyetoa ubao wa mtumbwi wake kuziba mtumbwi wa ndugu yake uliokuwa unazama. Ndipo akafika kwa Falaniko.

Falaniko, ndugu yao wa tatu, alikuwa akiishi Auckland, ng'ambo ya bahari. Mama mkwe wake alikuwa amepigwa na kiharusi na alihitaji mtu wa kumgeuza kila baada ya saa tatu, kumlisha na kumwosha. Falaniko alikuwa ameomba msichana.

"Nami nimeutazama ukoo wote," alisema Tauiliva, "kama mtu anavyotazama bustani, na ua lililoinua kichwa ni Fetuao. Atamsaidia baba yake mdogo. Na shule huko zipo, tena bora kuliko zetu. Mambo yakitulia ataandikishwa."

Ruta alisimama. Alisema kwamba mtihani ni baada ya majuma tisa, kwamba mtoto huyu ni wake na hakuulizwa, na kwamba jibu lake ni hapana. Alisema kwa dakika mbili nzima, mikono ikipanda na kushuka. Ukoo ulimtazama kwa adabu, kama watu wanavyomtazama mtu anayepita ng'ambo ya mto.

Fetuao alisimama kutoka kando ya bakuli. "Baba mkubwa, samahani. Mama anasema hapana."

"Keti, mwanangu," alisema Tauiliva, bila ukali. "Tangu lini samaki akasimama sokoni akajitaja bei? Mama yako ana kinywa chake."

"Lakini kinywa chake—"

"Kinywa chake tumekiona. Tumekisikiliza wote. Kuna aliyesikia neno?"

Hakuna aliyesikia. Setefano alikuwa anatazama kidole gumba cha mguu wake.

"Basi, wahenga walishasema, kunyamaza ni kukubali," alisema Tauiliva, na Mareta, aliyekuwa mwandishi wa ukoo kwa sababu alikuwa na hati nzuri, akaandika kwenye daftari: *Mama mzazi alikuwepo. Hakupinga.*

Hapana ya Ruta ilifika Jumapili, saa kumi na dakika ishirini. Tauiliva alikuwa amelala chali baada ya chakula cha tanuri, tumbo juu, kichwa kwenye mto. Alifungua jicho moja. Sauti ilizungumza kutoka kwenye nguzo ya nyuma, ikitaja mtihani, ikitaja uchungu wa kuzaa, ikisema hapana mara tatu. Tauiliva alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu anayeheshimu hotuba.

"Anasema vizuri," alisema. "Bahati mbaya ni jana. Mareta, nipepee."

Jumanne Ruta aliandika barua. Alitumia karatasi mbili za daftari la Fetuao, mistari yote imenyooka, akaipeleka mwenyewe na kuiweka mikononi mwa shemeji yake. Jumatano barua ilirudi. Tauiliva alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mahali alipoandika "nyumba yako" alikuwa amekata na kuandika juu yake "makao yako ya fahari." Mahali alipoandika "ulisema" aliweka "ulinguruma," ambalo ndilo neno linalostahili msemaji. Mwisho wa ukurasa wa pili aliandika: *Shemeji, barua ni ya mtu aliye mbali. Wewe uko hapa. Lenye uzito husemwa kikaoni. Kazi nzuri, lakini heshima bado.*

Kikao cha pili kilitangazwa Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, kwa ajili ya wazazi kutia saini karatasi za safari.

Alhamisi, wakati wa kumenya shelisheli, Ruta aliweka kisu chini. Akamwambia binti yake kwa midomo jambo ambalo lilimfanya Fetuao naye aweke kisu chini.

"Ijumaa?" aliuliza Fetuao. "Nyumba ikiwa tupu?"

Ruta aliitikia kwa kichwa.

"Na utajua vipi atakachosema?"

Ruta alimtazama tu. Alikuwa amekaa kwenye nguzo ile ya nyuma miaka ishirini na miwili.

Ijumaa alasiri Tauiliva alikuwa kwenye kava na wakuu wenzake, na Mareta alikuwa kamatini. Nyumba haikuwa na kuta, ilikuwa na nguzo tu na paa, kwa hiyo hawakuvunja mlango wa mtu. Ruta aliketi mahali pake. Fetuao aliketi kwenye nguzo ya mbele, mwiko wa kupakulia ukiwa begani badala ya usinga, saa ya baba yake mkononi. Ilipofika saa kumi kamili, alijaza kifua pumzi.

"Enyi mbingu mlioketi," alisema kwa sauti nzito iliyotoka puani, "mawingu yamegawanyika, milima imeinama, jua limetua mkekani…" Akaendelea hivyo, akawasalimia marehemu, akijipiga bega kwa mwiko kila mmoja alipotajwa. Kisha kwa sauti yake mwenyewe: "Hapa atakohoa, mama. Mara mbili. Halafu maji. Ngoja. Bado anameza. Sasa anaingia kwenye mtumbwi. Mtumbwi wote au nusu?"

Ruta aliinua kidole kimoja. Wote.

Fetuao akausimulia mtumbwi wote, pamoja na ubao, pamoja na machozi ya ndugu aliyeokolewa. Alipomaliza akamnyooshea mama yake mwiko, na Ruta akazungumza. Hapakuwa na sauti. Fetuao alisoma midomo yake, jicho moja kwenye saa.

"Hilo zuri," alisema. "Fupisha kidogo, atakukata hapo. Sasa anasema shule."

Ruta akajibu habari ya shule, akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaongeza maneno mawili.

"Sasa mama mkubwa." Fetuao alikunja midomo, akajipepea kwa mwiko mfano wa Mareta. "'Jamani, sisi wengine tungepata bahati hiyo tungeruka ruka kama panzi. Lakini kuna watu, ukiwapa nazi watauliza maji yako wapi.'"

Ruta alicheka. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini alikuwa ameshacheka.

"Hicho kitatoka kesho," alisema Fetuao, naye akiuma shuka aliyojifunga. "Basi tena. Tuendelee."

Waliendelea mpaka saa kumi na moja kasorobo. Walipomaliza, Fetuao alishusha mwiko. "Watasikia?" aliuliza. Ruta aliitikia kwa kichwa, maana neno hapo lisingefaa, nalo lingetoka kesho. Akamtengenezea binti yake nywele, wakarudi nyumbani kupika.

Jumamosi Ruta aliketi kwenye nguzo ya nyuma akiwa amefumba mdomo, mikono mapajani. Tauiliva alianza saa kumi kamili, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa. Mawingu yaligawanyika. Milima iliinama. Alikohoa mara mbili, akapewa maji. Akausimulia mtumbwi wote, na aliponyamaza ili machozi ya ndugu aliyeokolewa yawakaukie watu mashavuni, sauti ya Ruta ikainuka kutoka nyuma.

"Shemeji," ilisema, "nimeisikia habari ya mtumbwi. Hii ni mara ya kumi na nne. Kila mara kuna mtumbwi wa mtu unaozama, na kila mara ubao unatolewa kwenye mtumbwi wetu."

Wazee wawili walisema "Umenena" kabla hawajajizuia.

Tauiliva alimtazama Ruta. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Alisogeza usinga kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. "Mtoto haendi kupotea," alisema. "Shule huko zipo, tena bora kuliko zetu."

"Shule ipi?" iliuliza sauti. "Itaje jina."

Tauiliva alifungua kinywa. Ruta alikuwa amemwachia nafasi ya pumzi tatu, na nyumba nzima ilizisikia zikipita, moja, ya pili, ya tatu.

"Haina jina," ilisema sauti.

Mareta aliweka kalamu chini. "Jamani," alisema, "sisi wengine tungepata bahati hiyo tungeruka ruka kama panzi. Lakini kuna watu, ukiwapa chungwa watauliza mbegu ziko wapi."

Alikosea tunda tu. Kicheko cha Ruta kikaja, kirefu, cha msichana, kikazibwa katikati. Watu kadhaa walicheka nacho. Ruta mwenyewe hakusogea.

"Falaniko ana binti wawili watu wazima," ilisema sauti, na sasa ilikuwa ya chini zaidi. "Kila mmoja ana mikono miwili. Bibi huyo ni wao, wamelelewa mikononi mwake tangu wadogo. Mimi nina huyu mmoja. Mtihani wake una majuma manane. Simkatai bibi wala simkatai Falaniko. Nakataa kwamba kila anayeanguka upande ule, anayemwinua ni wa upande huu. Mimi Ruta, mama wa Fetuao, nasema hapana. Na leo, Mareta, iandike."

Mzee mmoja alijifuta macho kwa ukingo wa shuka. Setefano aliinua uso, akamtazama mke wake kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi wamewahi kuonana.

Tauiliva alisimama. Katika nyumba yake mwenyewe hakuwahi kusimama kumjibu mwanamke, na watu waliona.

"Ukoo," alisema, "nimezungumza chini ya paa hili miaka thelathini, na baba yangu alizungumza kabla yangu. Sijasikia hotuba kama hii. Imenijibu kabla sijasema. Imenipa nafasi ya kupumua na kunionyesha kwamba sina cha kusema. Kama ningekuwa na mtoto wa kiume mwenye nusu ya ulimi huo, ningempa usinga huu leo nikafe kwa amani." Aliendelea kuisifu kwa robo saa. Aliusifu mpangilio wake, akausifu ufupi wake, akarudia sehemu ya pumzi tatu kwa wale wa nje ambao huenda hawakuisikia vizuri. Wazee waliitikia kila sentensi. Ruta alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu saa kumi.

"Lakini," alisema Tauiliva, "maneno haya yalisemwa lini?"

Wazee waligeuka kumtazama Ruta.

"Yalisemwa jana. Jana hapakuwa na kikao. Jana mimi sikuwepo, ninyi hamkuwepo, na nyumba ilikuwa ya kuku. Kwa hiyo hotuba hii, na uzuri wake wote, iliambiwa kuku. Tukikubali leo kwamba mtu anaweza kuuhutubia ukoo bila ukoo kuwepo, kesho kila mtu atasemea chooni kwake na tutasema kikao kimekaa. Na tena jambo lenyewe liliamuliwa wiki iliyopita, mama mzazi akiwepo, na hakupinga. Maji yakimwagika hayazoleki." Akaketi. "Setefano, ndugu yangu, wewe ndiye baba. Unasemaje?"

Setefano alifikiri. "Mke wangu amesema vizuri sana," alisema. "Mimi naufuata ukoo."

"Umenena," walisema wazee.

Karatasi zilipitishwa, naye akatia saini mahali Mareta alipomwekea kidole. Ruta alisimama, akasema jambo akimtazama mume wake, kisha akimtazama Tauiliva, mishipa ya shingo ikiwa imemtoka. Watu walimpisha. Mareta aliandika: *Ilisikika hotuba nzuri. Ajenda iliendelea.* Alichosema Ruta pale mwisho kilitoka Jumapili baada ya chakula, na Mareta aliwatoa wajukuu wote nje wakacheze kwenye migomba mpaka kiishe.

Safari ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu, ndege ya saa tisa alasiri. Jumatano Ruta alipanda basi peke yake mpaka uwanja wa ndege. Alisimama mbele ya mlango wanakoingilia wasafiri, mahali ambapo binti yake angesimama, akangoja saa saba na nusu, akaanza kumuaga. Mlinzi alimwona mwanamke anayechezesha midomo hewani huku akilia, akamletea maji. Ruta alimaliza kwanza, kisha akanywa.

Alhamisi ukoo mzima ulikuja. Shangazi walimvika Fetuao mashada ya maua na ya peremende, moja juu ya jingine, mpaka yakamfika puani. Walipofika mlangoni saa saba na nusu, Tauiliva alikabidhi mkoba wake kwa Setefano, akapiga hatua mbele, maana mlangoni ndipo hotuba ya kuaga hutolewa.

"Enyi mbingu mnaosafiri," alianza.

Sauti ya Ruta ilianza pamoja naye, kando yake, chini chini, kama mama anavyozungumza na mtoto. Tauiliva alikuwa msemaji wa kuzaliwa, na msemaji akisikia mtu anazungumza karibu naye hupandisha sauti. Alipandisha. Fetuao aliinamisha kichwa upande wa sauti ile, mashada yakimkwaruza sikio. Alisikia "blanketi." Akasikia "usikubali," lakini hakusikia asikubali nini. Baba yake mkubwa alikuwa amefika kwenye mtumbwi, na hapo alikuwa na desturi ya kunguruma. Alipomaliza, mlinzi alikuwa anawaharakisha, na shangazi wote walimkumbatia kwa mpigo. Ruta aliyarudia yote kwa midomo, akirukaruka nyuma ya mabega yao ili aonekane. Fetuao aliona paji la uso la mama yake, na nywele, basi.

Kesho yake wafagiaji wa uwanja walisikia mwanamke akihema na kumwambia mtu asikubali kulala sakafuni na asikubali kuitwa mvivu. Walifagia kumzunguka.

Falaniko alipiga simu kila Jumapili saa kumi na moja jioni, na alikuwa mwema, alimpa Fetuao simu kwa dakika kumi. Fetuao aliuliza, "Hujambo, mama?" akangoja muda wa jibu. Akasema, "Mimi mzima. Bibi anageuzwa sasa kila saa mbili," akangoja tena. Aliacha nafasi moja baada ya nyingine, kila moja kwa kipimo chake, na Ruta, akiwa na simu sikioni katikati ya nyumba, alizijaza zote. Shule haikutajwa, maana Falaniko alikuwa ameketi karibu. Barua za Ruta zilifika salama. Falaniko alieleza kwamba amezihifadhi kwenye droo mpaka binti apate nafasi.

Wiki ya nne tangu aondoke nafasi zikawa fupi. Fetuao aliuliza "Hujambo, mama?" na kabla pumzi haijaisha alikuwa anasema amechoka. Wiki ya sita, ambayo ndiyo ilikuwa ya mtihani, alisalimia tu, akasema bibi anamwita. Falaniko akachukua simu. "Shemeji, huna la kumwambia mtoto?" aliuliza, akangoja kwa adabu, akakata.

Kijijini mambo yalitengemaa. Mareta aligundua kwamba Ruta anafaa, na wazo lake lilipita kamatini bila mpinzani. Ruta hupelekwa siku moja kabla, huwekwa katikati ya nyumba ya mikutano, hupewa karatasi, husoma matangazo ya usafi na ya mchango wa kanisa, na kesho yake matangazo hutoka yenyewe, saa iliyopangwa, bila mtu kulazimika kukaa pale. Mwisho wa mwaka walimpa cheti. Tauiliva alikitoa kwa hotuba, akasema ukoo wake haujawahi kukosa wasemaji.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Ruta huwa kwenye mazoezi ya kwaya, na Setefano huwa peke yake nyumbani. Ndiyo saa ambayo redio hurudia mechi ya raga ya Jumamosi. Sauti ya mke wake hutokea katikati ya nyumba, ikiuliza kama wanampa chakula cha kutosha, kama mgongo bado unauma, kama kuna mtu yeyote aliyetaja shule, na kila baada ya swali hungoja. Majuma ya kwanza Setefano aliongeza sauti ya redio, lakini spika ilikuwa mbovu, ilikwaruza. Baadaye alihamisha kiti na redio mpaka nguzo ya mwisho upande wa bahari, na huko mechi husikika vizuri.